Binti yangu alivyotolewa apendiksi kwa matundu: uzoefu wangu

Upasuaji wenyewe naupa alama zote. Maneno ninayo kwa mengine.

Binti yangu yuko gredi ya tano. Tumbo lilianza kumuuma kitovuni, akakataa chakula, akatapika, na kufikia usiku maumivu yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia, anatembea amejikunja. Zahanati ya mtaani kwetu Umoja ilitupa dawa ya minyoo. Hatukuridhika, tukaingia kwenye teksi hadi hospitali ya kibinafsi. Daktari alimbonyeza tumbo polepole kisha akaachilia ghafla, na mtoto akapiga yowe pale alipoachilia. Vipimo vya damu na ultrasaundi vikakubaliana naye.

Daktari wa upasuaji alitueleza njia mbili: mkato mmoja upande wa kulia, au matundu matatu madogo, moja kitovuni la kamera na mengine ya vifaa. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili wapate nafasi ya kuona. Nilimwamini aliposema kwamba wakikuta apendiksi imepasuka vibaya huenda wakalazimika kufungua kwa mkato wa kawaida, na nitie sahihi nikilijua hilo. Baba yake, anayependa kusomasoma, akaongeza yake: apendiksi ya kwanza inayojulikana kutolewa ilikuwa ya mvulana wa miaka 11 huko London mwaka 1735, bila nusukaputi. Hii ya kamera ilianzishwa Ujerumani mwaka 1980 na Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake, na wapasuaji wenzake wakampinga vikali. Sijui alitaka kunituliza au kunitisha.

Nisichokisifu ni kungoja idhini ya bima. Mtoto hali, hanywi, ana dripu tu mkononi na midomo imemkauka, na karani anarudia, "Mama, tuko kwa mfumo." Ukichagua matundu, uliza bei mapema. Baadhi ya vifaa hutumika mara moja na kutupwa, na bili hupandia hapo.

Aliamka salama. Lakini usiku alilia bega. Tumbo hata hakulitaja, ni bega la kulia tu! Nilidhani walimlaza vibaya mezani. Sista wa zamu akaniambia, "Ni ile gesi, mama. Iliyobaki inasumbua kiwambo, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, na uchungu unasikika begani. Mwamshe mtembee kidogo." Tukatembea ile korido, yeye kanishika kiuno, mimi nimebeba dripu. Baadaye bega likaacha. Hili lilipaswa kusemwa kabla ya upasuaji, maana mzazi anaweza kuchanganyikiwa bure.

Alikunywa uji asubuhi yake, na tukaruhusiwa kwenda nyumbani haraka kuliko nilivyotarajia. Shemeji yangu aliyekatwa kwa njia ya zamani ana kovu refu. Ya huyu ni ya kutafuta, na moja limejificha ndani ya kitovu. Kumzuia kuruka kamba ndiko kulikonitoa jasho. Ombeni barua ya daktari ya kumwondoa kwenye michezo shuleni, kwa sababu mwalimu akiona mtoto anacheka atamrudisha uwanjani.

Apendiksi yenyewe hupelekwa maabara. Majibu yetu yalisema ni apendiksi iliyovimba tu, hakuna kingine, lakini hakuna aliyetupigia simu; tuliyadai wenyewe siku ya kukagua vidonda. Nanyi yadaini.