Laini mpya ya maji Baba Dogo: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Nina saluni ndogo Baba Dogo, Nairobi, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Mteja ana dawa kichwani, imeanza kumwasha, unafungua mfereji unasikia hewa tu, fyuuu. Mwaka jana nilimsuuza mama mmoja kwa maji ya chupa ya dukani. Hakurudi.

Kwa hiyo watu wa maji walipoanza kuchimba laini mpya nilifurahi kuliko mwenye ploti.

Laini ya zamani ilikuwa ya chuma. Kijana wa mkandarasi alikata kipande akaniita, "Mathe, kuja uone mlikuwa mnakunywa nini." Bomba la inchi mbili, lakini ndani kutu imejijenga vinundu vinundu hadi kidole changu cha mwisho hakikupita. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikimlaumu keateka eti anatufungia koki! Jipya ni lile la plastiki jeusi lenye mistari ya buluu. Haliungwi kwa gundi: ncha mbili zinabanwa kwenye sahani ya moto mpaka zilainike, sahani inachomolewa, zinasukumwa zishikane, zinaachwa zipoe. Nilisimama hapo nikamsahau mteja kwenye kiti.

Ila bomba peke yake lisingetuokoa. Shida yetu hasa ilikuwa viwanda. Siku ya mgao pampu zao zilikuwa zinavuta moja kwa moja kwenye laini, sisi wa mwisho tukabaki na upepo. Tena bomba likivutwa hivyo, penye ufa linafyonza chochote kilicho nje, na mtaro wa majitaka kwetu hauko mbali. Sasa viwanda vimepewa laini yao. Maji yanaingia kwanza kwenye tangi lao la chini, floti inafunga likijaa, na pampu inavuta humo tangini.

Mgao bado ni siku mbili kwa wiki, na hilo siwalaumu. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994, na watu wa jiji hili leo si wale wa 1994. Lakini sasa tangi langu la lita 1,000 linajaa kwa saa tatu hivi. Zamani, usiku kucha halikufika nusu. Mitungi ya mkokoteni, shilingi 20 na maji yakiadimika 50, nimeachana nayo.

Nawapa nyota tatu. Mtaro ulikaa wazi wiki mbili mlangoni pangu, wateja wakivuka kwa ubao na visigino vyao. Siku tatu za kwanza maji yalikuwa rangi ya chai. Hakuna aliyetuambia tuyaache yatiririke kabla ya kufungulia matangi, nikaosha langu upya.

Halafu mita. Maji yakifunguliwa, hewa ndiyo inayotangulia, na mita inaihesabu vilevile. Nimeirekodi kwa simu: namba zinakimbia, mfereji mkavu. Nimepeleka video ofisini mara mbili, nikaahidiwa laini itafungwa vali ya kutoa hewa. Kwa sasa, siku ya mgao nafunga koki yangu na kungoja jirani wa mbele apige kelele, "Yamefika!" Ndipo nafungua. Hewa anailipia yeye, na bado hajashtuka.