GBIF: nyota 4, ya 5 nimeizuia kwa sababu ya mapengo

Kama unafuatilia mambo ya kulinda wanyama na mimea inayovuka mipaka na bado hujaingia GBIF, unakosa kitu kikubwa sana aisee. Ni huduma ya bure ya kutafuta rekodi za viumbe dunia nzima, ilianza 2001, ofisi yake kuu iko Copenhagen, nchi wanachama ndo zinachangia hela, na 2022 rekodi zilivuka bilioni 2. Kutafuta huhitaji akaunti, utaombwa tu ukitaka kupakua faili.

Jaribu korongo mweupe. Andika Ciconia ciconia, fungua ramani, chuja kwa mwezi. Ukiweka Juni nukta zimejazana Ulaya, ukiweka Januari nyingine zimeshuka mpaka mashariki na kusini mwa Afrika, na wale wa njia ya mashariki hapo katikati wanapita Uturuki, Syria, Lebanoni, Israel, Misri, Sudan, yaani kuna serikali humo zimekuwa maadui kwa miaka mingi lakini rekodi zao zimekaa kwenye faili moja, safu zilezile, jina la kiumbe, tarehe, mahali, nani aliona. Marekani nayo mpaka leo haijaridhia Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, ila data kubwa kuliko zote humu ni ya ndege, ya eBird, mradi wa watu kurekodi ndege wanaowaona, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell hukohuko Marekani. Wanasiasa wakigoma wanasayansi wanaendelea kupeana data, na mimi hilo linanipa moyo kweli.

Kingine, mimea mikavu ya Kongo iliyokusanywa enzi za ukoloni imehifadhiwa Meise, Ubelgiji, na sasa mtafiti aliyeko Kinshasa anaisoma humu bila kuomba viza.

Sasa kasoro, na hii ni nzito. Nukta zinaonyesha watu walipoangalia, sio viumbe walipo. Sudan korongo wanapita kila mwaka ila ramani imepauka, na tangu vita ianze Aprili 2023 nani atazunguka na darubini? Mtu anayepanga hifadhi ya nchi mbili akiangalia harakaharaka atadhani upande mmoja una uhai na wa pili hauna kitu, kumbe wa pili hakuna tu aliyehesabu, na pengine ndo unaohitaji ulinzi zaidi. Ningetaka onyo hilo likae juu kabisa ya ramani kwa maandishi makubwa.

Viumbe wanaowindwa wengi mahali pao halisi pamefichwa makusudi, majangili wasifuate nukta, kwa hiyo usilalamike ukikuta hapaeleweki.

Wenye picha za viumbe wa mipakani wekeni iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe mlivyoona, ambayo rekodi zake huingia GBIF, ila angalia leseni ya rekodi yenyewe kwanza, sio ya picha tu, ukiiacha haki zote zako, hata picha ikathibitishwa na watu kumi, rekodi haifiki GBIF.