Uzoefu Wangu na Huduma ya Kupangiwa Bafu na Chumba cha Nguo

Nimetumia huduma ya mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba anayefanya kazi kwa njia ya mtandao: mteja hutuma vipimo na picha, naye hurudisha ramani kamili ya kumkabidhi fundi. Ujenzi umekwisha, vyumba tumevizoea, na naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kazi ilikuwa kupanga bafu la chumba kikuu cha kulala pamoja na chumba cha nguo, vyote viwili katika eneo la mita 5 kwa 3 linalopakana na chumba cha kulala kwa upande wake mrefu. Matakwa yetu yalikuwa mengi: hodhi la kuogea, shawa, sinki mbili, choo, na nguo kutundikwa pande zote mbili.

Nilianza kumwamini mbunifu huyu pale aliponiuliza, kabla ya kutaja rangi wala vigae, bomba la maji taka liko ukuta gani. Bomba la choo ni nene, la milimita 100 hivi, na linahitaji mteremko wa kudumu, kwa hiyo kukihamisha choo kwenda ukuta wa pili ni kazi ya kuvunja sakafu. Alivipanga vyombo vyote kwenye ukuta huo mmoja wa mita 3: shawa sentimita 90, choo sentimita 90, na meza ya sinki sentimita 120. Hodhi lingeenea upande wa pili, lakini bomba lake la kutoa maji lingelazimika kuvuka chumba chote huku likishuka sentimita 2 hivi kwa kila mita, yaani sentimita 6 kufikia mwisho, na zege letu lisingeruhusu hilo bila kuinuliwa kwa sakafu. Tuliliacha hodhi, naye akairefusha shawa kwa kina hadi sentimita 140. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika ramani nzima, kwa sababu shawa hutumika kila siku.

Kuhusu sinki mbili alieleza kwa subira kwamba watu wawili wanaosimama bega kwa bega wanahitaji sentimita 90 hivi kutoka katikati ya sinki moja hadi katikati ya nyingine, na kwamba meza ya sentimita 120 yenye sinki mbili isingebaki na mahali pa kuweka hata mswaki. Choo nacho hakukibana: kutoka katikati yake hadi kizuizi cha kila upande aliacha sentimita 45, ingawa kiwango cha chini kinachokubalika katika kanuni nyingi za ujenzi ni sentimita 38 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita 7 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mwenye mabega mapana ataihisi.

Jambo jingine ninalolisifu ni mahali alipoiweka koki ya shawa. Iko karibu na mlango wa kioo, si chini ya kichwa cha shawa, hivyo mtu anafungua maji akiwa bado nje, anasubiri yapate joto, ndipo anaingia.

Mlango ulituletea mjadala mrefu. Sisi tulitaka kupita katika chumba cha nguo ili kufika bafuni, kama tulivyoona kwenye picha nyingi, lakini alipinga kwa hoja mbili: mvuke wa maji ya moto huingia kwenye nguo na viatu kila mlango unapofunguliwa, na anayekwenda chooni usiku hulazimika kupita milango miwili. Kila chumba kikapewa mlango wake kutoka chumba cha kulala, huku feni ya bafuni ikitoa hewa hadi nje ya jengo, wala si kuimwaga juu ya dari, na chini ya mlango wa bafu ukaachwa uwazi mdogo ili hewa mpya iingie. Nguo zetu hazijapata harufu ya uvundo.

Katika chumba cha nguo upana ulikuwa sentimita 185 tu. Nguo zilizotundikwa huchukua kina cha sentimita 60, njia ya kupita na kuinama inataka 90, kwa hiyo upande wa pili zilibaki 35, zinazotosha rafu za viatu na nguo za kukunja. Kabla ya kuchora alituagiza tuzisogeze nguo zetu pamoja kwenye fimbo, kwa mguso wa kawaida bila kuzikandamiza, kisha tupime kwa futi ya fundi: mashati na suruali za kukunjwa kando, magauni marefu na makoti kando. Mashati yakapewa fimbo mbili, moja juu ya nyingine, katika kimo cha mita 1 na mita 2, na nguo ndefu zikapata sehemu yao. Vilevile alitaka tuibandike ramani sakafuni kwa utepe wa gundi, kwa vipimo halisi, na mmoja wetu ajifanye anavuta droo huku mwingine akipita. Nawasihi wengine wasiiruke hatua hii.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya taa. Ramani ilionyesha taa moja ya dari mbele ya kioo, ambayo humulika utosi na kuacha kivuli chini ya macho na kidevu, wakati anayenyoa au kujipamba anahitaji mwanga kutoka pande zote mbili za kioo, usawa wa uso. Tulipoomba marekebisho tuliambiwa kwamba mpango wa umeme unalipiwa peke yake, habari ambayo haikuwa kwenye makubaliano ya awali. Tulilipa, na mchoro mpya ulikuwa mzuri, ukiwa na swichi zote nje ya shawa na taa ya LED mbele ya fimbo za nguo. Atakayeagiza huduma ya namna hii aulize tangu mwanzo, kwa maandishi, kama ramani ya umeme imo katika bei.