Duka la Ami, Utange: nyota nne, ya tano imebaki kwenye kikebe cha mafuta

Duka lenyewe halina jina. Ubao wa juu ulipakwa rangi na watu wa soda miaka mingi nyuma, na pale palipotakiwa kuandikwa jina pameachwa wazi. Sisi wa Utange, hapa Mombasa, husema "kwa Ami" na hakuna anayepotea. Ukitoka barabara ya Malindi ukapanda juu, ukapita msikiti na fundi wa baiskeli, utaliona: dirisha la nondo, benchi la mbao, na dumu la kunawia mikono ambalo limekaa hapo tangu korona, ingawa bomba lake lilikauka zamani.

Mimi ni mteja wake tangu 2013, lakini ninachoweza kukitolea ushahidi ni miaka ya 2020 hadi 2022, nilipokuwa sina kitu. Siku una mshahara mfukoni duka lolote ni zuri.

Nilikuwa natengeneza vyumba katika hoteli moja ya ufuoni upande wa Shanzu. Vyumba kumi na vinne kwa zamu, shilingi 19,000 kwa mwezi, na bakshishi ukijaliwa mgeni mwema. Watu wa hoteli tunaijua kusi. Mvua za Aprili zikianza wageni hupungua, vibarua huambiwa wapumzike, ikifika Julai wanaitwa mmoja mmoja. Kwa hiyo Machi 2020 tulipokusanywa kantini tukaambiwa twende likizo bila malipo, mimi nilihesabu miezi mitatu, nikarudi nyumbani sina wasiwasi mkubwa. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25. Kafyu ikaanza tarehe 27. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia hadi Julai. Ndege za nje ziliruhusiwa tena tarehe 1 Agosti, lakini wageni hawakuja nazo. Mimi niliitwa Desemba 2021, kibarua wa siku, shilingi 700.

Hapo katikati vitu viliondoka kwa zamu. Chama chetu cha wanawake kumi, elfu moja kila mwezi, kilikufa Mei. Aliyekuwa na zamu ya kupokea alitusamehe, hakuwa na la kufanya. Kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya wakati huo, ikalala, maana bila mwajiri ilikuwa shilingi 500 kila mwezi kutoka mfukoni mwako, na mfuko wenyewe ndio huo. Kijana wangu wa kwanza akapata Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa vijana, kufagia na kuzibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku, siku akipangiwa. Ndiye aliyekuwa ameajiriwa nyumbani kwetu.

Mwaka uliofuata takwimu za serikali zikatoka: uchumi wa Kenya mwaka 2020 ulipungua kwa asilimia 0.3. Niliisoma mara mbili. Sufuri nukta tatu! Kumbe mashambani mambo yalikwenda vizuri, kilimo kikakua, na sisi wa hoteli na mikahawa tulioporomoka karibu nusu tukamezwa humo humo ndani ya hesabu. Ripoti hiyo hiyo ilisema ajira zaidi ya 700,000 zilipotea. Sijui mwenye kupiga hesabu alikuwa amekaa wapi, lakini angesimama dirishani kwa Ami wiki mbili tu angeona.

Kwanza shelfu la juu lilibadilika. Siagi ikaondoka, jemu ikaondoka, sabuni ya maji ikaondoka, na pale pakapangwa viberiti na mishumaa. Halafu kila kilichobaki kikaanza kukatwa. Mkate ukawa nusu mkate. Nepi za mtoto zikafunguliwa pakiti, moja moja. Majani ya chai ya shilingi tano yakafungwa kwenye vipande vya gazeti mfano wa dawa ya mganga. Mche wa sabuni Ami anaukata kwa uzi wa nailoni, si kwa kisu, kwa sababu kisu huvunja na kutoa unga. Anauzungusha uzi, anavuta polepole, kipande kinaanguka safi kama kimetoka kiwandani hivyo. Kwa hilo nampa nyota nzima. Nimekata sabuni kwa kisu nyumbani na najua hasara yake.

Nyota ya pili ni ya daftari. Ni daftari la shule la kawaida, nyuma lina jedwali la kuzidisha, limetobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba kwenye msumari. Kila mteja ana ukurasa wake na jina alilopewa na Ami mwenyewe, halichaguliwi. Mimi nilikuwa "Mama Hoteli". Sharti ni moja: anakopesha chakula na sabuni. Vocha hakopeshi, sigara hakopeshi, soda hakopeshi. Kabla ya korona kikomo changu kilikuwa 2,000 na nililipa kila tarehe mbili mshahara ukiingia. Juni 2020 nilikuwa nimefika 4,300. Wateja wapya walikuta kibao dirishani, "Leo taslimu, kesho mkopo", na hata sisi wa zamani tulianza kukisoma kwa makini. Hakunifungia. Kilele kilikuwa 7,640, na deni hilo lote ni unga, sukari, majani, sabuni na mafuta. Hakuna anasa hata moja humo, nimekagua.

Tofauti yake na mkopo wa simu naieleza kwa kifupi, kwa sababu nikiikumbuka napandwa na hasira. Nilikopa 3,000 kwenye programu moja, nirudishe 3,450 baada ya siku thelathini. Nikachelewa siku tisa. Wakampigia shemeji yangu. Wakamtumia ujumbe aliyekuwa msimamizi wangu hotelini, yule yule niliyekuwa nikimbembeleza anikumbuke kazi ikirudi. Hizo namba walizitoa ndani ya simu yangu. Ami hajawahi kumwambia mtu deni langu.

Kijana wake wa jioni, hilo ni jambo jingine. Huyo ndiye udhaifu wa kwanza wa duka hili na nataka ieleweke. Ami akienda kuswali magharibi kijana hukaa dirishani, na macho yake hayaoni vizuri au ubongo ndio hauoni, sijui, maana hawezi kusoma tarakimu bila kuzitamka. "Mama Hoteli... saba, sita, arubaini!" Watu kumi kwenye foleni, wamevaa barakoa, na wote wanageuka. Kuanzia hapo nikawa naenda kabla ya adhana. Nimelisema, Ami amelijua, kijana bado yupo, ni mtoto wa dadake.

Sasa mafuta.

Agosti 2020 niliamua kuuza viazi karai pale njia panda, jioni, kabla ya kafyu. Ami alinianzishia: unga wa ngano, binzari, chumvi, na mafuta, vyote daftarini. Ukwaju nilikuwa nao wa shambani kwa mama. Wiki ya kwanza niliuza vizuri. Wiki ya pili niliuza vizuri. Mwisho wa mwezi nikakaa chini na kijana wangu tukahesabu, na faida haikuonekana. Tukahesabu tena. Viazi sawa, unga sawa, makaa sawa. Mafuta.

Enzi hizo Ami alipima mafuta kwa kikebe cha nyanya ya kopo, kile kidogo kabisa, kilichofungwa mshikio wa waya. Kikebe kimoja shilingi 20. Nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita iliyoachwa na mgeni chumba namba fulani, bado na nembo yake ya Ulaya. Nikaipeleka dukani nikamwomba apime mbele yangu. Vikebe sita vikaingia na cha saba kikaingia robo. Piga mwenyewe: hiyo ni kama shilingi 125 kwa nusu lita, 250 kwa lita. Siku hiyo hiyo supamaketi ya barabarani chupa ya lita ilikuwa 190. Mimi nilikuwa natumia karibu lita moja kila siku ya kukaanga, siku ishirini na sita kwa mwezi. Shilingi 60 mara ishirini na sita ni 1,560. Wale majambazi wa simu walinitoza 450.

Serikali ilikuwa imeshusha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tangu Aprili. Ilipita wapi hiyo mbili? Kikebe kilikuwa kile kile.

Nikamwambia, "Ami, kikebe hiki kinaniibia."

Hakukasirika. Akafuta mkono kwenye kikoi, akasema, "Kikebe hakiibi, mwanangu. Wewe utanilipa lini? Mwezi ujao, wa pili, Mungu akipenda. Mimi leo namlipa wa soko la Kongowea kwa nini? Kwa mate?" Akanieleza kwamba zamani wauzaji wa jumla walimwachia unga na mafuta akalipa baada ya wiki, na tangu Mei walikuwa wanataka pesa mkononi kabla gunia halijashuka kwenye tuktuk. Kwa hiyo deni letu sote mtaani lilikuwa limemkalia yeye mgongoni, na kikebe ndicho kilichokuwa kikilibeba. Akaniambia nikija na pesa taslimu ya dumu zima ataniuzia bei aliyonunulia.

Nikaona ana haki. Kisha akaja mtoto wa jirani na noti... hapana, na sarafu yake ya ishirini, akapimiwa kikebe kile kile, akalipa, akaenda.

"Na huyu, Ami? Huyu hakukopa."

Ami akaanza kupanga mayai.

Hiyo ndiyo nyota ninayomnyima. Mimi niliyekuwa na deni la elfu saba nilipimiwa sawa na bibi aliyefunga ishirini yake kwenye pindo la leso. Mimi kama nililipishwa subira, nilistahili. Yule bibi alilipishwa subira ya nani? Yangu. Na aliyekuwa na 190 kwa mkupuo alikwenda supamaketi, hakulipia subira ya mtu. Nimelizungushia sana jambo hili kichwani nikisonga sima na sijaona mahali pa kumwekea Ami lawama kamili, lakini nyota ni zangu, nagawa ninavyotaka.

Tulivyojinasua ni hivi. Tulikuwa wanawake watatu wa kukaanga: mimi wa viazi, mmoja wa mahamri, mmoja wa samaki. Tukachanga 1,100 kila mmoja kununua dumu la lita ishirini Kongowea kwa 3,300, yaani 165 kwa lita. Wenzangu walinitumia kwa M-Pesa 550 mara mbili, kwa kuwa mwaka ule kutuma chini ya 1,000 kulikuwa bure na hakuna mjinga wa kutuma 1,100 kwa mara moja. Ami aliponiona nashusha dumu kwenye tuktuk alininunia wiki nzima. Unga alinipimia bila kunitazama. Jumamosi akaniuliza, huku anahesabu chenji ya mtu mwingine, tunakwenda lini tena, na tuktuk tunalipa ngapi. Safari ya pili tulibeba madumu mawili, moja lake, na nauli tukagawana.

Deni nilianza kulipunguza 300, 200, wiki nyingine 50. Ami huandika malipo kwa biki nyekundu na hukuonyesha ukurasa kabla ya kufunga, hata kama kuna foleni. Nililimaliza Februari 2022. Sikupewa riba, faini, wala maneno. Alinipa peremende ya mtoto, na sikuwa na mtoto mkononi.

Mwaka huo huo mafuta yakapanda bei vibaya dunia nzima, vita vya Ukraine, kisha Indonesia ikafunga kuuza mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa, na kikebe kikastaafu. Ami ameleta mashine ya kupima: unataja bei, anabonyeza, inamimina. Ni haki zaidi kwa macho kwa sababu unaona tarakimu. Bei ya lita kwa kupima bado iko juu ya chupa, nimehesabu, lakini pengo limepungua, na ukileta chupa ya lita nzima ukalipa taslimu anakupunguzia shilingi kumi ukiomba. Usipoomba hakupunguzii.

Mengine kwa anayetaka kwenda. Hufungua saa kumi na mbili asubuhi, hufunga saa nne usiku, Ijumaa mchana amefunga. Mizani ni ya sahani na ni sahihi, nimepima sukari nyumbani kwa jirani mwenye ya dijitali. Mayai yakague mwenyewe. Nazi zake ni nzuri kuliko za sokoni. Njoo na chupa yako, iwe kavu, na kama unalipa deni nenda kabla ya magharibi. Ukurasa wangu bado upo kwenye daftari jipya, japo narudi hotelini siku tatu kwa wiki na sikopi siku hizi. Juu ameandika "Mama Viazi".