Ruta ya akiba Mbeya: ipi ianze, ipi isubiri

Mvua zikianza Novemba, wenye ofisi Mwanjelwa na Kabwe huniuliza: ninunue ruta ya pili, yaani kifaa cha kugawa intaneti ofisini? Jibu langu huwaudhi. Nunua kwanza njia ya pili ya intaneti. Ruta mbili zikitegemea faiba moja, siku katapila likikata waya barabarani zote zitabaki kuwaka taa tu.

Kwa duka, gesti au steshenari, naweka mbele ruta moja inayokubali njia mbili, mfano TP-Link ER605 au MikroTik hEX. Faiba iingie tundu moja, modemu ya laini ya simu tundu jingine, na laini hiyo iwe ya kampuni nyingine. Mafundi wengi huruka jambo moja: ruta itajuaje kuwa njia imekufa? Ikitazama waya pekee itadanganyika, kwa sababu kifaa cha faiba ukutani huweza kuwasha kijani hata intaneti ikiwa imekatika mbali huko. Iagize ipige pingi nje, yaani itume ujumbe mdogo na kungoja jibu, mfano kwa 8.8.8.8, anwani ya Google. Niliwahi kusahau hilo kwenye gesti moja ya Soweto. Wageni walikaa jioni nzima bila mtandao, na bando la akiba limejaa tele.

Ya pili ni ruta mbili zenye VRRP, utaratibu wa ruta kupokezana zamu, kwa SACCOS au zahanati isiyoweza kusimama. Zinatumia anwani moja ya geti, mlango ambao kompyuta hupitia kwenda intaneti, hivyo kompyuta hazibadilishwi chochote. Ruta kuu hutangaza uhai kila sekunde 1. Ikinyamaza kama sekunde 3, mwenzake anashika zamu. MikroTik zinayo, ruta nyingi za nyumbani hazina, kwa hiyo muuzaji akuonyeshe kwenye menyu kabla hujatoa hela. Kumbuka VRRP yenyewe hulinda ruta, si intaneti: faiba ikikatika na ruta kuu ikiwa hai, itaendelea kung'ang'ania ugeti mpaka fundi aiunganishe VRRP na ile pingi. Na kila ruta iwe na UPS yake, betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Ruta ya laini mbili za simu inafaa kusikofika faiba, ila nyingi hutumia laini moja kwa wakati, na kuhama huchukua muda.

Mwisho, ruta iliyokwisha kupangwa, imelala kabatini. Msiidharau, radi za huku hazichagui. Bandika tu karatasi mlangoni mwa kabati ionyeshe waya upi unaingia wapi, maana ruta inayotumika itaungua siku ambayo fundi yuko Tukuyu.