Trampolini ya uani: ipi ununue, ipi uiache

Watoto wakishaonja trampolini kwenye bethdei ya jirani, nyumbani hapakaliki mpaka ununue. Kabla hujatoa hela, jua kwamba chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri isiwekwe nyumbani kabisa. Kwa hesabu zao, robo tatu hivi ya majeraha hutokea wanaporuka zaidi ya mmoja, na anayeumia zaidi ni mdogo: mkubwa akitua, yeye anarushwa asikotegemea. Mimi sikusikiliza, ninayo hapa Sakina, Arusha. Ila hilo ndilo lililopanga orodha yangu.

Namba moja ni ya duara, futi 8, mpya, yenye wavu. Wengine huiona ndogo. Uzuri wake ndio huo, haikaribishi watoto wa mtaa mzima kupanda kwa mkupuo. Duara humrudisha anayeruka katikati. Za mstatili zinarusha kwa nguvu, waachie wanasarakasi. Wavu ufungwe upande wa ndani wa springi, mtoto asizifikie.

Namba mbili, futi 10 ya aina hiyohiyo, kama watoto wameshakua na uwanja upo: mita 2 wazi kila upande, pasiwe na ukuta, mparachichi wala kamba ya kuanikia nguo. Wenzetu wa Kibosho na Machame wenye viwanja vya mteremko wasawazishe kwanza.

Namba tatu ni mtumba, na hapa nina kidonda. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa mtumba wa futi 12, wavu unang'aa. Wiki ya pili kijana wangu akauegemea, ukachanika juu mpaka chini kama gazeti. Jua lilishaula zamani. Alidondokea kwenye majani, akainuka anacheka. Mimi ndiye niliyekaa chini.

Siku hizi nabana uzi wa wavu kwa vidole viwili na kuuvuta. Ukikatika au ukiacha ungaunga, gharama ya wavu mpya itoke kwenye bei. Kisha nalala chali chini yake: nahesabu ndoano zisizo na springi, napapasa kutu kwenye maungio ya miguu. Muuzaji akisema "fundi atachomelea", naaga. Bomba lililoliwa na kutu ukilichomelea leo, kesho linakatika pembeni.

Isiyo na wavu usinunue hata ukipunguziwa. Lakini wavu nao usikulevye: wengi huumia palepale katikati, wakigongana au wakitua vibaya. Ndiyo maana kwangu anaruka mmoja mmoja, mtu mzima akiwepo, na wa chini ya miaka 6 hapandi.

Ngazi huitoa wakimaliza. Yetu inakaa nyuma ya tangi la maji, na mdogo wa miaka 3 bado anaitafuta.