Civilization VI: gemu nzuri, lakini Zanzibar imewekwa ya kuombwa karafuu tu

Watu kadhaa mumeniuliza kama Civilization VI inafaa kununuliwa, basi leo naandika. Gemu nzuri wallahi, ina akili ndani yake, ukikaa nayo usiku unakucha hujui. Ila kuna jambo linanikera tangu nianze kuicheza na ndo ntalizungumza khasa, nalo ni nani kapewa nafasi ya kuwa taifa zima mle ndani na nani kaachwa nje.

Kwa asiyeijua, ilitoka 2016, unachagua taifa na kiongozi wake, unaanza miaka 4000 kabla ya Masihi na walowezi na askari mwenye rungu, unajenga mji wa kwanza, halafu wa pili, mpaka ufike kurusha roketi. Inachezwa kwa zamu, weye ukimaliza anacheza mwengine, kwahivyo haitaki vidole vyepesi inataka kufikiri. Unaweza kushinda kwa vita, kwa sayansi, kwa utamaduni, kwa dini au kwa diplomasia, na hizi njia nyingi ndo uzuri wake mkubwa, mie vita sivipendi na nashinda vizuri tu.

Sasa Zanzibar imo. Lakini imo kama mji mdogo unaoendeshwa na kompyuta, huwezi kuuchagua ukacheza nao. Mataifa makubwa yanakutumia wajumbe, alokuwa na wajumbe wengi kuliko wenzake anakuwa mlezi wako, na mlezi wa Zanzibar anapewa karafuu na mdalasini, bidhaa mbili ambazo hazipatikani pahala pengine popote kwenye ramani, kila moja inaleta raha 6 za kugawa kwenye miji yake. Kwa mchezaji ni zawadi kubwa sana hiyo, ukiipata Zanzibar mapema raia zako hawalalamiki tena. Na mie nilifurahi kuona jina letu. Lakini tizama tumewekwa kwa kazi gani, ya kusubiri mgeni aje atuchukulie karafuu, na akiudhika anatupiga anautwaa mji, basi habari yetu imekwisha.

Halafu mnajua nani ni taifa zima? Kanada, iloundwa 1867. Australia pia, kiongozi wake John Curtin, waziri mkuu wa wakati wa vita kuu ya pili. Sina neno nao, na Australia inachezeka vizuri. Lakini mskiti wa Kizimkazi Dimbani kusini ya Unguja una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, mpaka leo watu wanasali ndani yake, na hatukutosha kuwa taifa?

Linaloniuma zaidi ni Ureno. Iliongezwa 2021 na mfalme João III, na uwezo wake wote ni biashara ya baharini, meli yake ya Nau inafika pwani ya mwenzako na kumjengea kituo cha biashara kwenye maji ya himaya yake, na misafara yake ya nje inalipa nusu zaidi kuliko ya wengine. Yakhe, hiyo biashara waliikuta! Walipofika huku mwisho wa karne ya 15 Kilwa ilikuwa imeshapiga sarafu zake mwenyewe za shaba kwa karne kadhaa, dhahabu ya Sofala inapitia mikononi mwake, Malindi imeshapeleka twiga mpaka kwa mfalme wa China mwaka 1415. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na manuwari, akaiteka Kilwa, akaichoma Mombasa. Na gemu nyengine kubwa, Age of Empires II, ilipotoa nyongeza yake ya Afrika 2015 waliweka Wareno humo humo, na unayemwongoza kwenye kisa chao ni huyo huyo Almeida. Yaani mtoto wa Makunduchi ananunua nyongeza ya Afrika, na alovamia pwani yetu ndo anapewa amchezee.

Mie kipimo changu cha nani anastahili si ukubwa wa jeshi wala ukubwa wa nchi. Naangalia mambo mawili, kwanza kama watu hao walijenga kitu ambacho mwengine hakukijenga vile, pili kama ukiwatia kwenye gemu utacheza tofauti na ulivyozoea. Ukifuata ukubwa tu kila mara utarudi kwa Roma na Uingereza. Wazulu nawaheshimu lakini wanarudishwa na kurudishwa kwa sababu Shaka ni vita na vita ni rahisi kuiprogramu, wakati miji yetu ya pwani tangu Mogadishu mpaka Sofala haikuwa na mfalme mmoja, kila mji na wakubwa wake, lugha moja, dini moja, na bado ilidumu. Gemu haijui kufanya taifa la namna hiyo ndo maana inatukwepa, na mie nasema hapo ndo penye utamu wenyewe.

Hebu fikiria. Unaanza pwani, na miji yako ikiwa visiwani au kwenye fukwe inakua haraka, ikiingia bara inadumaa. Upepo unabadilika, zamu kadhaa za kaskazi majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yanashuka kwako yenyewe, halafu inaingia kusi misafara yako inapanda kwenda juu, na ukiikosa kusi unasubiri. Hakuna taifa lolote mle linalocheza na misimu ya upepo, na kwetu hiyo ndo ilikuwa roho ya kila kitu, mgeni akifika na kaskazi akawa hawezi kuondoka mpaka upepo ugeuke, akakaa, akaoa, akazaa. Kwahivyo kila msafara wa nje unaopokea uongeze watu mjini kwako na sio pesa tu. Meli yako maalumu ni mtepe, ule wa mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari, ujengwe kwa bei rahisi na bila kuhitaji chuma. Jengo lako ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, iliyojengwa karibu na bahari tu. Muziki uanze na ngoma na siwa, zama za mwisho ifike taarabu, na Siti binti Saad aliyekwenda kurikodi Bombay 1928 awe miongoni mwa wanamuziki wakuu. Haya yote ni mambo ya kweli, hayataki kubuniwa chochote.

Swali la barazani ni moja kila siku, "haya, kiongozi nani?" Wengi wanataja Seyyid Said maana ndo aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na ndo wa mikarafuu. Mie simtaki awe wa kwanza. Yeye ni mlango wa dola ya Omani, hiyo ingestahili kuwa taifa lake peke yake na ingependeza sana, lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa na soko la Mkunazini halikufungwa mpaka 1873, kwahivyo akiwekwa na hilo liwekwe wazi, lisifichwe nyuma ya picha nzuri za karafuu.

Chaguo langu ni al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika kwake 1331 akamsifu kwa ukarimu mpaka akasema watu wakimwita baba wa vipawa, na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa zama zake lina vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane juu ya jabali linalotizama bahari. Uwezo wake ungekuwa kutoa zawadi na kulipwa kwa heshima. Wapili ningemtia Mkama Ndume, mtawala wa Pujini kule Pemba, maana Wapemba kila siku tunasahauliwa, na pale Pujini kuna mabaki ya ngome yenye ukuta na handaki ya karne ya 15, yule awe wa ulinzi, kumvamia kuwe tabu. Na Mtambwe Mkuu, huko huko Pemba, zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu, sasa kisiwa hicho utasema hakina la kuwekwa kwenye gemu?

Wako waliojaribu, haki yao wapewe. Humankind, gemu nyengine ya namna hii, kwenye nyongeza yake ya Afrika ya 2022 iliwatia Waswahili zama za kati, wana mtepe na wana mtaa wao unaitwa Bandari, nilipouona nilisimama kitini. Tatizo gemu ile inakutaka kila zama ubadilishe taifa, ukitaka kubaki unaweza lakini unakosa vitu vya wenzako, kwahivyo Waswahili unawapitia tu. Na Civilization VII ya 2025 imeleta Aksum, Songhai na Buganda, na Ibn Battuta mwenyewe ni kiongozi! Alokuja kututembelea kapata kiti.

Wengine ninaowaona wamenyimwa ni Zimbabwe Kuu, ambayo kwenye hii ya VI imefanywa jengo la ajabu ambalo taifa lolote linaweza kulijenga, hata Norway, na hilo silikubali kabisa. Ashanti pia, na Benini, ule ufalme wa sanamu za shaba.

Kuhusu kununua sasa. Usinunue kwa bei kamili, subiri punguzo, zipo mara nyingi na zinashuka sana, na chukua ile yenye nyongeza zote maana Mali ya Mansa Musa na Ethiopia ya Menelik zimo kwenye nyongeza, haziko kwenye gemu tupu. Ukishaipakua unacheza peke yako bila bando, na inajihifadhi yenyewe kila baada ya muda hivyo umeme ukikatika hupotezi kazi yote. Leptop ya ofisini itaiendesha ukipunguza michoro lakini mwisho wa gemu zamu zinakuwa nzito, vumilia. Kama mchezo naipa 9 kwa 10, kwa uchaguzi wa mataifa naipa 5. Na kwa wanaojua kuprogramu hapa mjini, gemu hii inaruhusu kutengeneza mataifa yako mwenyewe ukayapachika, mie najua kuandika na historia ninayo, anayejua upande wa kuprogramu tuonane tuanze na Kilwa.